Gramu kwa Dakika

Aliweka chupa tupu juu ya mizani ya jikoni, akairudisha mizani kwenye sifuri. Kisha akafungua vifungo vya blauzi, akatazama saa ya ukutani na kuanza kukamua.

Kiwandani, kazi yake ilikuwa kupima mafuta ya kupikia yanavyopita bombani: kilo ngapi kwa dakika. Mambo ya lita hakuyataka hata kuyasikia. Mafuta yakipata joto hutanuka, povu nalo hujazia, ukadhani una mengi kumbe huna kitu. Uzito ndio msema kweli. Sasa yuko likizo ya uzazi, na cha kupima kilichobaki ni maziwa yake mwenyewe.

Dakika nane zilipotimia, akapima. Gramu hamsini na sita. Akagawanya kichwani: saba kwa dakika. Jana zilikuwa tisa.

"Yanapungua," alimwambia mumewe.

"Ukimaliza hapo njoo unipimie na chai yangu, maana nayo siku hizi inapungua."

Hakucheka. Mume akainamisha macho. Hata yeye utani ule ulimtoka kwa kujikaza tu.

Mama mkwe akaja, akamshika bega. "Basi, mwanangu. Uache mwili upumzike. Nani atakulaumu, kwa hali uliyonayo?"

"Mama, ana kilo moja na nusu tu. Maziwa ya kopo tumbo lake linayakataa. Nisipokamua mimi, atakunywa nini?"

Mama mkwe akageukia dirisha, akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

Mke akanywa maji ya moto, akakaa tena, akakamua mpaka machozi yakamtoka kwa maumivu. Mizani ilipofika gramu alizohitaji, akaifunga chupa na kukimbilia hospitali.

Muuguzi wa wodi ya watoto njiti aliipokea kwa mikono miwili. "Anameza vizuri, dada. Leo ameongezeka gramu ishirini."

Akalia palepale mlangoni, kwa furaha na kwa uchungu, asijue kipi kilizidi. "Naweza kumwona? Hata mara moja?"

"Leo unaweza. Baba yake amekubali."

Nyuma ya kioo, mgane mmoja kijana, ambaye hakuwahi kuonana naye, alimwinua mtoto ili amwone vizuri. Mtoto alikuwa na nywele tele na kidevu kirefu, wala hakufanana hata kidogo na yule wa kwao, waliyemzika wiki iliyopita.