Kiganja cha Mwanahawa

Uvumi ulimganda Bi Saumu kama kupe: achari yenye chapa ya kiganja cha bintiye Mwanahawa inauzwa mjini, na mpishi si yeye. Akaenda ofisi ya alama za biashara, lebo yake mkononi.

"Mama, kiganja hiki kina mwenyewe," karani alisema. "Kimesajiliwa mwaka jana."

"Mwenyewe nimemzaa mimi! Alikichovya kwenye wino ana miaka mitatu, nikakifanya lebo."

"Ulikisajili?"

Bi Saumu akailaza lebo mezani. Mwanahawa yuko ughaibuni, mwaka wa saba huu. Akaweka kiganja chake juu ya kile kidogo, kisha akageuza lebo, akamwandikia bintiye:

Usimwachie mgeni lebo yako.
Usingoje kusifiwa ndipo ukasajili.
Usikae mbali mno.