Upande wa Kutetea

Alikuwa amebaki msemaji mmoja tu kabla Meshack hajaitwa jukwaani, na tayari alishakwenda chooni mara tatu. Safari ya nne mlinzi wa mlangoni alimuuliza kama ana shamba huko.

Si kwamba aliogopa ukumbi. Ukumbi mzima wa Chimwaga, hapo chuoni Dodoma, ulimjua Meshack wa mwaka wa tatu kwa mdomo wake. Huyu angeweza kubishana na kioo, na kioo kikaomba radhi. Tatizo lilikuwa safu ya pili, viti viwili vya kushoto. Pale aliketi Mzee Lameck, mzee wa kanisa kutoka Mpwapwa, suti ya Krismasi imefungwa vifungo vyote. Pembeni yake mkewe, kitenge kipya, mikono juu ya mkoba. Hao ndio wazazi wa Angelina. Na barua ya posa ya Meshack ilikuwa kwao tangu wiki mbili zilizopita, bila jibu.

Mada ya mdahalo: ukahaba uhalalishwe. Vikaratasi vilikunjwa, vikatiwa kwenye kofia, kila mtu akaokota chake. Meshack akaokota kutetea.

"Mpwa wangu, umekwisha," Mjomba Matonya, mshenga wake, alimpigia asubuhi ile kutoka karakana yake ya kuchomelea mageti Kizota, mashine zikiunguruma nyuma yake. "Nilipompelekea Mzee Lameck barua aliniambia watajibu wakishakusikia. Mzee wa kanisa yule! Ukasimame mbele yake uwatetee machangudoa? Barua hiyo watawashia jiko."

"Sasa nifanyeje, mjomba? Ndio nimepangiwa."

"Ugua."

Angelina alisema vingine kabisa. Yeye ndiye aliyewaalika wazazi. Yeye ndiye aliyekaa na Meshack maktaba siku tatu wakiandika hoja, na hoja nzito zote zilitoka kwake: kwamba mwanamke yule akipigwa na mteja haendi polisi, maana kushtaki ni kujishtaki, kwamba mwenye nyumba akishajua, kodi ya chumba inapanda mwezi huohuo na huna pa kulalamika. Meshack alimuuliza ameyatoa wapi yote hayo.

"Wewe andika," alijibiwa.

Na sasa hivi, ameketi anasubiri, simu ikatetemeka. Angelina: "Sema yote tuliyoandika. Usipunguze hata moja. Nakuomba."

Jukwaani Restuta, wa upande wa kupinga, alikuwa anamalizia. "Mnasema wapewe leseni. Haya, tuwape! Atakayefaidi nani? Yeye, au bwana mwenye gesti atakayewapanga mabinti kumi kama kreti za soda? Mtu aliyekwenda kule kwa njaa mpeni chakula, msimpe kitambulisho!"

Makofi. Mzee Lameck hakupiga. Mkewe alikuwa anautazama mkoba wake. Meshack akajua: hata mada yenyewe kutajwa imewachefua.

"Meshack, upande wa kutetea!"

Akapanda, akafunua karatasi yake. Mzee Lameck alisogea mbele kwenye kiti, amekunja uso kama anayesoma maandishi madogo. Meshack akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Ndugu zangu, mimi nimeokota kutetea," akasema. "Lakini nimelelewa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hamza, mwenzake wa upande huohuo, akashika kichwa.

Basi hapo mdomo ukapata barabara ya lami. "Mnataka watambuliwe kama wafanyakazi? Mei Mosi waandamane na bango lao, nyuma ya walimu? Mtoto wake akijaza fomu ya mkopo wa chuo, pale kwenye kazi ya mzazi aandike nini? Mama yangu ni mjasiriamali wa giza?" Watu walikuwa wanapiga meza. "Mimi kwetu nimefundishwa kumsalimu kila mkubwa, hata mlevi. Lakini mwanamke aliyewahi kufanya kazi ile, hata awe na mvi mpaka kwenye nyusi, haki ya Mungu naapa, shikamoo yangu hataipata!"

Ukumbi ulilipuka. Kura zilipohesabiwa, upande wa kutetea ulikuwa na kumi na moja.

"Kumi na moja, na mimi nimo," alisema Hamza. "Umetuuza, kaka."

"Nimeoa, kaka," akajibu Meshack, akatoka nje kifua mbele.

Walikuwa wanamsubiri kwenye ngazi. Angelina alisimama pembeni, macho mekundu, akitazama maegesho. Meshack akajiambia ni vumbi la Dodoma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Ilichelewa kidogo. Mzee Lameck akaingiza mkono kwenye koti, akatoa bahasha, akampa. Ilikuwa barua ya posa, ileile, imekunjwa vizuri kama ilivyokwenda.

"Jibu letu lilikuwa ndiyo, kijana," akasema. "Tulitaka tu mama akusikie kwanza."

Meshack aliishika bahasha hajui hata aitie mfuko gani. Labda kuna adabu ameikosea. Labda amechelewa kumsalimu mama mkwe! Akamgeukia haraka, akapiga goti palepale kwenye kokoto, kichwa chini.

"Shikamoo, mama."

Mama Angelina alimshika bega, taratibu, kama mtu anayezuia uji usimwagike.

"Inuka, baba, utachafua suruali," akasema. "Na usivunje kiapo chako kwa ajili yangu. Mimi kazi ile niliifanya miaka sita."