Nyama Kabla ya Amina

Katika bweni lile, hakuna aliyegusa sinia kabla ya Amina ya sala ya Mchungaji. Basi siku Mchungaji alipougua, Elkana alipanda juu ya benchi na kutangaza kwa sauti ya kiaskofu, "Wapendwa, leo hakuna sala. Tuko huru!"

Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Alipoketi, wakubwa walikuwa wamekwisha kumaliza nyama. Yeye na wadogo wenzake wakabaki kulamba mchuzi.

"Uhuru mtamu, Baba Askofu?" aliuliza Yusto, mkubwa wao, huku akitafuna.

Jioni, masinia yalipoletwa, Elkana alisimama tena. "Tuombe," alisema, safari hii kwa sauti yake mwenyewe.

Mikono yote ikarudi mapajani, hata ya Yusto. Elkana alishusha pumzi, akafumba macho, akaanza polepole. Mvuke wa nyama ulimgusa usoni, na hakuna aliyesogea.