Nyumba ya Kijani

Mjini kwao sheria ilitaka kila nyumba iwe picha moja ya rangi moja, na kuta zenyewe ndizo zilizofanya kazi hiyo: kitu kisichooana na vingine zilikipaka rangi polepole mpaka kikaoana. Mashavu alichagua kijani cha sare ya harusi ya dada yake. Masufuria yakageuka, mapazia yakafuata, hata jua la asubuhi likaingia kama linapita kwenye majani ya mgomba. Majirani wakakosa la kusengenya, na hilo si jambo dogo.

Kisha rangi ikampanda mumewe, Kheri.

"Mume wangu, uko wapi?"

"Nipo kitini. Juzi ulinikalia, leo hunioni?"

"Nilidhani mto, bwana!"

Wakacheka, lakini Mashavu akainuka kwenda kabatini. Akatoa kanga nyekundu, akamfunga shingoni asije akampotea. Wakanywa chai, kanga ikipiga soga peke yake. Chai haijapoa, wekundu ukaanza kufifia.

"Basi nishike mkono," Kheri akasema.

Mashavu akaunyoosha wake. Vidole vya mumewe vikamshika, vya moto kama kawaida. Mashavu akainamisha macho aione mikono yao miwili, wa Kheri na wake mwenyewe. Palikuwa na kitambaa cha meza tu, kijani, kimetulia.