Namba Ndogo Haziguswi

"Hayo si maji tena, baba," binti alisema. "Hiyo ni dawa ya kusafishia vidonda. Ukiinywa utatapika."

Baba aliikodolea macho karatasi. Kushoto kulikuwa na haidrojeni na oksijeni, kulia maji. Oksijeni moja ilikuwa imebaki kushoto bila mwenzake, naye akaimaliza kesi kibabe: alichomeka namba ndogo ya mbili chini ya oksijeni ya maji, akatabasamu kuona pande zote sasa ziko sawa.

"Namba ndogo haziguswi. Ukizigusa umetengeneza kitu kingine. Unaweka namba kubwa, mbele."

Mama, aliyekuwa akipiga tai pasi hapo hapo sebuleni, alicheka bila kujificha. Kesho asubuhi wakubwa wa kazini walikuwa wanakuja kumpima mumewe kemia hiyohiyo, na akiboronga kibarua kingeota nyasi. Kazi yenyewe aliipata kwa mlango wa nyuma. Siku ya usaili hakuna aliyemuuliza kemia. Walimuuliza tu kama mjomba wake hajambo. Tangu hapo alikuwa anapokea mshahara huku akimwomba Mungu asiulizwe kitu.

Binti alimwaga vifuniko vya chupa mezani, vyekundu vikawa haidrojeni, vyeupe oksijeni. Akamweleza kwamba kilichoingia kushoto lazima kionekane kulia, hakuna kinachopotea njiani. Baba akasema hilo ndilo linalomchanganya, maana kazini kwao hata viti hupotea.

Akahesabu kwa vifuniko, akahesabu kwa vidole, akailaumu miwani. Mlinganyo wa kutu ulimtoa jasho hasa. Aliacha chuma kimezidi upande mmoja, akadai kutu ni kutu tu. Binti alimrudisha mwanzo bila huruma.

Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua anachokitafuta, eti huko shuleni haya mambo wanafundishwaje.

"Mimi nimejisomea kitabuni," binti alijibu. "Mwalimu wetu akifika kwenye milinganyo anatuambia tukamalizie nyumbani."

Baba alikohoa. "Mheshimu mwalimu wako."

"Namheshimu. Nasema anachofanya tu."

Baba akanuna. Akamwambia kesho aupumzishe huo mkono wake, kutwa kuunyoosha darasani. Maswali mengi yanawachosha walimu. Binti aliahidi huku akimtazama mama yake.

Jua lilipokuwa linazama, mzee akapata. Mbili mbele ya haidrojeni, mbili mbele ya maji. Aliizunguka sebule kifua mbele, utadhani yeye ndiye aliyeyagundua maji.

Asubuhi binti alimwamkia baba yake, akabeba mkoba na kutangulia kutoka. Alimpenda baba yake, kilaza au si kilaza, na njia nzima alimwombea.

Kipindi cha kemia kilipofika, wageni wawili wenye suti waliingia darasani, wakakaa viti vya nyuma na kutoa kalamu. Nyuma yao akaingia mwalimu, tai imenyooka, vifuniko vya chupa vikigongana mfukoni.

Darasa zima likasimama kumwamkia. Binti naye akatoa shikamoo, ya pili kwa mtu yule yule asubuhi ile.

"Marahaba, kaeni," mwalimu alisema kwa madaha, akiwatupia jicho wageni. "Haya, nani hapa bado hajui kusawazisha milinganyo?"

Mikono yote ikanyanyuka, isipokuwa mmoja.