Mti Usioliwa na Mchwa

Nyevu alikuwa akimsuka mteja huku akifuatilia kwenye simu somo la bure la chuo kikuu, historia ya sanaa. Ghafla akaacha kusuka. Kile kilichosimama kwenye jumba la makumbusho la ughaibuni kilikuwa kigango cha babu yake, nguzo ya kaburi lake iliyochongwa kama mtu, na pengo lile la panga begani!

"Kimedumu," profesa akaeleza, "kwa sababu mti huu hauliwi na mchwa."

Mchwa! Si baba yake aliyeuambia ukoo mzima kwamba kimeliwa na mchwa?

Akageuka. Mzee Kahindi alikuwa mlangoni, keshasikia.

"Baba, ni mchwa gani hao wanaopanda ndege?"

Mzee alivua kofia, akaiinamia simu kama aliyefika makaburini.