Oili ya Yadi ya Balbir

Oili ilishaingia kwenye mfereji Hilaria alipofika kazini. Ilitoka kwenye basi bovu ambalo kaka yake, Primus, alikuwa analikata kwa gesi kando kabisa ya barabara ya Moshi, si kwenye sakafu ya zege kama ratiba ilivyosema.

"Nani amekuambia ulikatie hapa?"

"Mzee Balbir."

Ratiba ilikuwa ya Hilaria. Tangu sheria mpya ya mazingira itoke, ndiye aliyepanga gari lipi lipande lini kwenye zege, litolewe oili na betri, ndipo likatwe. Alikuwa ametia sahihi mbele ya afisa mazingira, Bwana Aristides, kwamba hakuna tone litakalogusa ardhi. Mfereji ule ulishuka hadi kwenye mashamba ya mpunga.

Balbir, mwenye yadi hiyo ya vyuma chakavu pamoja na kaka zake, alikuwa amekaa getini akiangalia barabara, kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizo. Hilaria alimweleza kwamba wakifanya kazi kwa zamu, magari yote yatapita kwenye zege na kiwanda kinachonunua vyuma vyao kitavipata kwa wakati. Balbir hakumtazama. Alijibu kwamba kesho wakate mengine, palepale. Hilaria akaomba angalau wachimbe shimo la kuzuia oili. Balbir akakataa.

"Mzee, wakiona watatufungia."

"Wewe panga kazi."

Wiki ile Hilaria hakupata usingizi. Akinyamaza, sahihi yake ingempeleka mahakamani na mpunga wa watu ungeharibika. Akisema, Primus na wenzake wangekosa kazi, nao wangejua nani kawachongea. Primus alishamkumbusha kwamba yeye ana watoto wa kulisha huko Kibosho.

Ijumaa alikwenda kwa Bwana Aristides. Alieleza yote akiwa amesimama, kisha akaomba wapewe muda. Yadi isifungwe, yeye atawajibika.

Aristides alimsikiliza hadi mwisho. Akasema malalamiko yalishamfikia, na mlalamikaji anataka yadi ifungwe leo hii, moja kwa moja. Afadhali waongee wenyewe. Akafungua mlango wa chumba cha pili.

Balbir alikuwa amekaa humo, mikono magotini.

"Kaka zangu hawanikubalii kuuza wala kuondoka," alisema taratibu. "Ikifungwa na serikali, hawatakuwa na la kunizuia. Tafadhali, Hilaria. Usituombee muda."